Daktari wa Kuvuta Kamba

Haya nilikusudia kuyaficha mpaka nife, lakini mdogo wangu Zita ameshayatangaza nusu ya Morogoro, na kila akiyasimulia anatia chumvi (juzi nimesikia eti nilikutwa chini ya altare, uongo mtupu), kwa hiyo bora aibu yangu niiseme mwenyewe, kwa kipimo chake.

Kwanza mjue kwamba nimesoma sayansi ya michezo chuo kikuu. Nimehitimu, nimevaa joho, nimepigwa picha na maua ya plastiki shingoni, na tangu siku ile haipiti wiki bila mtu kuniuliza kama nilikuwa nasomea kudaka au kufunga. Kazi ninayo, tena halali: nina ukumbi mdogo pale Mafiga, asubuhi nafanya mazoezi na wazee wenye presha na sukari, jioni nawafundisha vijana wa timu za mtaani wasimalize magoti yao kabla hawajaoa. Lakini ukimweleza hayo mjomba wangu Kaspari, anakusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha anauliza, "Sasa kazi utapata lini?"

Mjomba Kaspari ni kaka yake mama, analima kabichi na karoti juu huko milimani, unaiacha lami Bigwa unapanda mpaka masikio yanaziba. Na kwetu Waluguru mjomba si mtu wa kupelekewa salamu tu, neno lake kwa wapwa ndilo neno. Sasa Zita alikuwa amemaliza kidato cha sita, na bila kutuonea huruma sisi wengine akatangaza kwamba na yeye anataka kusoma sayansi ya michezo. Mjomba akasema hapana. Akasema mchezaji mmoja kwenye ukoo anatosha, huyu binti akasome uuguzi au ualimu, kitu ambacho ukikitaja watu hawacheki. Mama akanipigia simu akaniambia sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia inakaribia, siku hiyo mjomba wako anakuwa na moyo mwepesi, panda ukaongee naye kwa utaratibu.

Basi tukapanda, mimi na Zita, kwa bodaboda mbili. Misa ikaisha vizuri, watu wakakaa chini ya maturubai, kwaya ikapumzika, na Thadei, yule jamaa anayekuwa emsii kwenye kila sherehe ya pale kwa sababu spika ni zake, akaanza kutambulisha wageni. Mwenyekiti wa kitongoji, masista, walimu, mimi nimetulia zangu nasubiri chakula, mara nasikia, "Na leo tunaye mpwa wa mzee wetu Kaspari, msomi kutoka chuo kikuu, daktari Deo. Daktari, hebu simama watu wakuone."

Nikageuka kumtazama mjomba. (Baadaye ndiyo nilielewa kwamba watu walikuwa wakimuuliza mpwa wake amesomea nini, na yeye kwa kuona haya alikuwa akijibu "anashughulika na viungo vya watu", Thadei akamalizia mwenyewe.) Mjomba alikuwa amekaa benchi la mbele na koti lake la sikukuu, na aliposikia neno daktari mgongo wake ukanyooka, kidevu kikapanda, akawa anatazama mbele kama mtu anayepigwa picha. Sasa niambieni, ninyi mngefanyaje. Ningeweza kusema pale pale, samahani, mimi si daktari, ikaisha. Badala yake nikasimama, nikapunga mkono. Nikakaa. Nikajiambia kupunga mkono si kusema uongo.

Kuanzia hapo nikahamishiwa meza kuu. Nikaletewa paja la kuku, nikaletewa soda wakati watu wengine wanapewa juisi ya kuchota kwenye ndoo, na kabla sijamaliza paja wakaanza kuja wagonjwa. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwembamba anaitwa bibi Skola, akasema magoti yake yanamuuma akiteremka na mzigo wa mboga na hata akiinuka kwenye kiti. Hapo nilikuwa nyumbani kwangu kabisa, maana magoti ndiyo mkate wangu, nikamwonyesha jinsi ya kujisogeza ukingoni mwa benchi, kurudisha nyayo nyuma kidogo, kuinama mbele ndipo ainuke, na nikamwambia arudie asubuhi na jioni. Akainuka, akakaa, akainuka tena, akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata Mafiga. Nikanogewa. Akaja mwenye mgongo, nikamjibu. Akaja mwenye bega, nikamjibu. Akaja aliyefungua mdomo nimwangalie jino, nikamwambia aende kwa mwenzangu wa meno (mwenzangu, mnasikia lakini, nilishaanza kuwa na wenzangu), na akaja mzee mmoja aliyetaka kujua mbuzi wake anakohoa kwa nini. Zita alikuwa amekaa nyuma yangu, ananong'ona, "Kaka, waambie ukweli." Namjibu, "Nitawaambia baada ya chakula."

Chakula hakikuisha. Spika ikakoroma, Thadei akasema, "Daktari Deo, daktari Deo, unaombwa zahanati mara moja. Kuna mama ameshikwa na uchungu. Muuguzi Tekla yuko naye tayari, anasema ukienda mtasaidiana."

Ndugu zangu, nikalirudisha paja la kuku kwenye sahani. Maturubai yote yakanitazama. Mjomba akanipa ishara ya kichwa, nenda baba, kwa fahari ambayo ilinichoma kuliko kitu chochote, na Zita akaniambia taratibu, "Nenda ukampashe misuli."

Nikainuka. Nikatembea, na sijui nani alinifundisha, lakini nilitembea mwendo wa daktari, polepole na mikono nyuma, watu wananipisha njia, mama mmoja ananifuata na beseni la maji ya moto. Nikamwambia mama tangulia, nakuja. Akatangulia. Zahanati ipo nyuma ya kanisa, na ili ufike lazima upite ubavuni mwa kanisa, na mlango wa ubavuni ulikuwa wazi. Niliwaza hivi: muuguzi yupo, amezoea kazi yake, mimi nikienda nitaongeza mtu wa kuzimia. Miguu ikakata kona yenyewe.

Ndani kulikuwa kimya na baridi. Nikasikia viatu nje, mtu anauliza "daktari ameelekea wapi," nikaangaza huku na huku, nikaona kile kijumba cha mbao cha kuungamia, nikaingia, nikafunga pazia. Kwa haraka yangu sikuangalia nimeingia upande gani, wa padri au wa anayeungama. Nikakaa kwenye kiti kizuri chenye mto, nikapumua, na nikawa najipangia kwamba nitatulia pale mpaka mtoto azaliwe, kisha nitatoka nikisema nilikuwa nasali.

Mara ubao wa upande wa pili ukalia. Mtu akapiga magoti, kwa shida, huku anaguna, na sauti ya kizee ikasema, "Nibariki Baba, nimekosa."

Ndani ya mchana mmoja nilikuwa nimepandishwa cheo kutoka mwalimu wa mazoezi kuwa daktari, na kutoka daktari kuwa padri, na kwa mwendo ule jioni wangenifanya askofu. Kudanganya watu kuhusu magoti ni jambo moja, lakini kusikiliza dhambi za mtu nilijua ni kuchezea moto, kwa hiyo nikasema haraka kabla hajataja hata moja, "Bibi, usiendelee. Mimi si padri."

"Kama si padri ni nani?"

"Mimi mpwa wake mzee Kaspari."

"Yule daktari?"

"Wala si daktari, bibi."

Kisha bibi Skola (ndiye alikuwa yeye, alikuwa amemwona mtu anaingia akadhani paroko ameanza kuungamisha) akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa, "Sasa mwanangu, wewe ni nani?"

Nawaambieni, nimefanya mitihani mingi chuoni na hakuna swali lililowahi kunikwamisha kama lile. Nikatoka nikamwinua, nikamweleza yote pale kwenye benchi la kanisa, toka kupunga mkono mpaka beseni la maji ya moto. Akasikiliza, akajifuta macho kwa ncha ya kanga (nilidhani analia, kumbe anacheka), akanishika mkono wa shati akasema, "Twende ukaseme. Mimi nitasimama na wewe, wakikupiga wataanza na mimi."

Tukatoka, bibi ananivuta kama mbuzi wa mnada, tunakatisha uwanja mzima mbele ya watu wote, mpaka kwa Thadei. Bibi akachukua kipaza sauti akanipa.

Nikasema, "Ndugu zangu, mimi si daktari. Nimesoma sayansi ya michezo. Nilipaswa kusema tangu mwanzo, nikaona haya. Naomba mnisamehe."

Kisha yule mzee wa mbuzi akauliza kutoka nyuma, "Kwa hiyo mbuzi wangu umemwambia nini?" Hapo turubai likapasuka kwa kicheko. Walicheka mpaka masista, kwaya wakaegemeana, Zita amejiziba uso na kanga ya jirani. Mtu mmoja tu hakucheka. Mjomba Kaspari alisimama na koti lake, uwanja ukatulia wenyewe, na nikajua safari ya Zita imeishia pale.

Akasema, "Na mimi nilisikia jina hilo nikanyamaza, kwa hiyo aibu hii tugawane. Lakini sasa waeleze hicho ulichosoma kinasaidia nini. Waeleze wao, na mimi nisikie."

Nikaanza vibaya. Nikataja maneno ya darasani, naona macho yanafumba. Ndipo nikaiona kamba ya mashindano imelazwa uwanjani, maana kila mwaka watu wa Juu na watu wa Bondeni wanavuta kamba, na mjomba ndiye nahodha wa Juu. Nikauliza, "Mwaka jana baada ya kuvuta, nani aliumia?" Mikono ikapanda, mingi kuliko nilivyotarajia. Mmoja bega, mmoja kiuno, na mke wa mjomba akasema mwenyewe kwamba huyu hapa alilala mkekani hata soksi akawa anavalishwa na kuvuliwa na mimi.

"Basi hicho ndicho nilichosoma," nikasema. "Mtu afanye kazi na mwili wake, acheze, abebe mzigo ateremke nao mlima, na kesho yake aamke mzima. Mzee apande ngazi za zahanati mwenyewe. Mtoto aliyezoea kukaa apate mahali pa kukimbia na mtu wa kumwelekeza. Daktari anakuponya ukishaumia. Mimi nataka uchelewe kumhitaji."

Nikawaita wote wa kamba, Juu kwa Bondeni, nikawapasha misuli, taratibu, na akina mama wakaingia, na kwaya, na paroko akaja na kanzu yake akawa anazungusha mabega pale mwisho wa mstari. Nikawaonyesha namna ya kukunja magoti na kushika kamba, kuvuta kwa mapaja na si kwa kiuno, kupumua bila kubana. Mjomba alifanya kila kitu bila kuniangalia usoni.

Filimbi ikapigwa, na watu wa Juu wakavutwa kama toroli. Raundi zote. Bondeni nao walikuwa wamesikia somo lile lile, na wao ni wanene.

Nilikaa pembeni nimeshika kichwa, nikaona buti za mjomba zimesimama mbele yangu. Akainama, akagusa vidole vya miguu, akainuka. "Tumeshindwa," akasema, "lakini mgongo huu leo ninarudi nao nyumbani kwa miguu yangu." Kisha akamtazama Zita aliyekuwa amesimama karibu, akamwambia, "Nenda kasome. Ila mtu akikuuliza unasoma nini, mjibu kwa sauti."

Muuguzi Tekla alitokea jioni, amechoka na anatabasamu, akasema mtoto ni wa kike, yeye na mama yake wazima. Nikamwomba radhi. Akasema, "Tulikusubiri daktari, mtoto akaona ujinga wa kusubiri."

Zita sasa yuko chuo, mwaka wa pili, na kila likizo tunapanda wote, tunafanya mazoezi na wazee pale uwanjani baada ya misa, na bibi Skola ndiye kiongozi wao, mkali kuliko mimi. Watoto wa kule bado wananiita daktari, kwa kunitania, na kila mara nasimama, nawasahihisha mmoja mmoja, hata nikiwa na haraka, hata mvua ikinyesha, maana nimeshajifunza kwamba kumsahihisha mtu ni neno moja tu, na ukilimeza litatafuta lenyewe mahali pa kutokea, na halichagui pahala pa heshima.