Mtumbwi wa Mchangani

Siku moja bado naikumbuka, mwanangu, ingawa nyingi nimeziacha zijiendee. Kule Ubwari, koko wetu, mama mzaa baba, alituketisha mimi na kaka yangu Wilondja ndani ya mtumbwi mkuukuu uliokuwa mchangani. Ndivyo watoto walivyofundishwa kabla ya kuruhusiwa kuvuka ziwa. Mtumbwi unapakiwa mawe badala ya magunia ya mihogo, mtu mzima anauyumbisha kama upepo, na anayesimama kwa hofu anahesabiwa amekufa.

Wilondja alisimama, akafa, akacheka.

"Turudilie, koko!"

Akafa tena. Koko akaacha kutikisa.

"We mutoto, unakufa na kucheka? Uniambie kwanza: juu ya nini umekufa?"

Hakujua sababu.

"Basi kesho hauvuke."

Na kesho yake ndiyo watoto walikuwa wanavuka kwenda mjini Baraka kuanza shule. Kaka yangu alilia sana, nami nilimchukia koko, nakwambia kweli. Jioni Wilondja alirudi peke yake mchangani, akahamisha mawe, akasimama, akakaa, mpaka akaona mwenyewe kwamba uzito ukipanda juu mtumbwi unalewa. Alipomweleza koko hivyo, akaruhusiwa.

Baadaye, tukiwa tunarudi likizo, upepo ulitukuta katikati ya ziwa. Watu waliinuka wakipiga mayowe. Wilondja alinivuta gauni mpaka chini, akapaza sauti, "Bote mukae chini!" Waliokaa tulifika. Waliosimama ziwa liliwachukua, na baadhi yao walijua sana kuogelea.

Sasa nakuona ukisomea kwenye michezo ya simu. Unajenga daraja, linaanguka, unabonyeza uanze upya hata hujalitazama. Sikukatazi. Wazee wenzangu wanaouita huo uvivu wananichosha kuliko magoti yangu. Mchezo ni shule, na kujikwaa si kuanguka, ni kwenda mbele. Lakini asiyelitazama jiwe atajikwaa palepale. Daraja likianguka, tulia kidogo. Sema kwa mdomo wako limeanguka kwa nini, ndipo urudie. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa huku kwetu hauna subira ya mwalimu. Nimezika wengi, mwanangu. Nimechoka kuzika.

Nenda. Mungu akujalie makosa yako uyamalizie mchezoni, na yale yasiyorudiwa yakupitie mbali.