Mwalimu Nalianya na Michoro ya Darasa la Tano

Javan Nalianya aliletwa shuleni kwetu Januari 1991, akitokea Bungoma. Shule ilikuwa ya kanso, yaani ya baraza la jiji la Nairobi, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka Soko la Burma, na watoto wetu wengi walitoka mitaa ya Majengo na Shauri Moyo. Mimi nilifundisha Kiswahili katika chumba kilichopakana na chake. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hivyo mengi ninayoyasimulia hapa niliyasikia mwenyewe.

Alikuwa mrefu, mpole, mwenye suti moja ya kahawia. Mkewe, Ayuma, alibaki Bungoma na watoto wao watatu. Alipewa darasa la tano, na kwa kuwa hakuna mwalimu mwingine aliyelitaka somo la sanaa na ufundi, akapewa na hilo. Wengi wetu tulikitumia kipindi hicho kumalizia hesabu. Yeye alikifundisha. Rangi hazikuwepo, basi akawafundisha watoto kusaga matofali mekundu, kuloweka bluu ya kufulia, na kuchora kwa makaa. Karatasi ilikuwa mifuko ya simiti iliyopasuliwa na kunyooshwa.

Kisa chenyewe kilitokea muhula wa pili wa 1993. Aliwaambia watoto wachore nyumbani kwao. Watoto sitini na wawili wakachora nyumba ileile: paa la pembe tatu, madirisha mawili, njia inayopinda, na nyuma yake milima miwili yenye jua katikati.

"Nani anakaa kwenye nyumba kama hii?" nikamsikia akiuliza.

Nikasikia hatua zake zikienda hadi kwenye dawati moja.

"Mlima huu uko wapi, Wanyoike?"

"Uko kwa kitabu, Mwalimu."

Hakuwacheka. Aliwaambia kesho yake asubuhi, wakifumbua macho, wasiinuke kwanza. Waangalie kilicho mbele yao, kisha waje wachore hicho.

Michoro iliyokuja baadaye aliileta ofisini kutuonyesha. Kulikuwa na pazia lenye matundu, jiko la makaa, na ndugu wanne waliolala kichwa cha huyu penye miguu ya yule. Mmoja tuliuzunguka wote. Ulikuwa wa msichana aliyeitwa Koki, mtoto wa pekee wa mjane mmoja wa Majengo. Koki alilala sakafuni, chini ya kitanda cha mama yake kilichoinuliwa kwa matofali. Alikuwa amechora kutoka pale chini: springi za kitanda juu, ukingo wa shuka, na mbele yake miguu. Visigino vya mama yake vilikuwa na nyufa, na kila ufa ulichorwa. Kando ya miguu hiyo palisimama gambuti mbili nyeupe, zile buti ndefu za mpira.

"Huyu mtoto ana jicho," mwalimu mkuu, Bi. Teresiah, alisema. "Itundike picha hii. Wazazi wanakuja Ijumaa."

Nalianya aliitundika katikati ya ukuta. Hakuna kati yetu aliyejiuliza gambuti hizo zilikuwa za nani.

Kule Burma, gambuti nyeupe ni viatu vya wauza nyama. Nthoki, mama yake Koki, alikuwa akiuza matumbo kwenye meza iliyowekwa mbele ya bucha moja pale. Mwenye bucha alikuwa na mke, na mke huyo alikuwa na mtoto katika darasa hilohilo la tano. Ijumaa hiyo akaja shuleni, akapita ukutani akitazama michoro, na mbele ya ule wa Koki akasimama muda mrefu. Alisoma jina la mtoto pale chini, akaondoka bila kuonana na mwalimu yeyote.

Jumamosi kukawa na vita sokoni kati ya wanawake hao wawili. Meza ya Nthoki ilipinduliwa, matumbo yakamwagika matopeni, na maneno yakasemwa kuhusu mume wa mtu na chumba cha Majengo, ambayo watoto wetu waliyabeba hadi shuleni Jumatatu. Koki hakuja siku hiyo, wala wiki hiyo.

Alhamisi aliyekuja ni Nthoki. Alisimama mlangoni mwa darasa la tano akiwa amejifunga leso kiunoni, nami nikaacha kuandika ubaoni ili nisikie.

"Mwalimu, nitolee kazi ya mtoto wangu."

Nalianya akaing'oa ukutani, akampa. Nthoki aliitazama, akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

"Mama Koki, mimi sikujua..."

"Najua hukujua. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Mtoto umemwambia achore alichoona, akachora. Hakukosea. Lakini kutundika, alikwambia utundike?"

"Hapana."

"Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza, mama. Nimekosa."

"Wewe mwenyewe unakaa wapi?"

"Shauri Moyo. Chumba kimoja."

"Na chako umekitundika wapi?"

Akaondoka bila kungoja jibu. Nalianya alikaa kwenye kiti chake mpaka kengele ikalia.

Siku iliyofuata aliwageuzia watoto mgongo, akachukua chaki na kuchora ubao mzima. Nilipita mlangoni makusudi nione. Alikuwa amechora chumba chake: kitanda kilichobonyea katikati, suruali ya suti iliyotandazwa chini ya godoro ili inyooke, sufuria moja, na picha ya mkewe iliyokatika pembeni.

"Mwalimu, keja yako ni ndogo kushinda yetu!" mtoto mmoja alisema, na darasa likaangua kicheko. Naye akacheka kidogo. Kisha akawaambia kwamba tangu siku hiyo kila mchoro ungeingia kwenye sanduku la bati lenye kufuli, na hakuna ambao ungetundikwa mpaka mwenyewe aseme.

Jumapili alikwenda Majengo kuomba msamaha kwa mara ya pili. Nthoki alimpokea nje, hakumkaribisha ndani. Alikuwa ameshapata mahali pengine pa kuuzia, upande wa soko la Gikomba. Jumatatu Koki akarudi shuleni. Muhula wote hakuchora. Alikunja mikono juu ya dawati wakati wenzake wakichora, na Nalianya hakumlazimisha. Muhula wa tatu walipoletewa udongo wa kufinyangia, akaanza kufinyanga, kisha siku moja akachukua makaa mwenyewe.

Mwaka 1995 akaja mkaguzi wa shule. Wiki moja kabla, Bi. Teresiah alizunguka madarasa yote. Kwenye chumba cha Nalianya akakuta kuta zina michoro mitano tu.

"Mwalimu, sanduku limejaa kazi nzuri na kuta ziko tupu. Huyo mtu ataandika nini?"

"Ataandika alichoona, madamu."

"Fungua sanduku. Ninakuagiza."

"Niliwapa watoto neno langu. Siwezi."

Mkaguzi aliandika kwamba mwalimu huyo hana bidii katika kuonyesha kazi za wanafunzi. Jina la Nalianya lilikuwa kwenye orodha ya kupandishwa cheo, likaondolewa. Nilimuuliza kama anajuta. Alisema angependa sana kupata cheo, kwa sababu angeweza kuileta familia yake Nairobi.

Koki alimaliza darasa la nane mwishoni mwa 1996. Siku ya mwisho alipita kwa mwalimu wake wa zamani, akafunguliwa sanduku, akatoa michoro yake kumi na mitatu na kuifunga kwa uzi wa sisali. Alisema asante, akaenda. Baadaye nilisikia amejiunga na sekondari moja huko Machakos kwa ndugu za mama yake. Sijui zaidi.

Nalianya alihamishwa mwaka 1998, akapelekwa shule moja Embakasi, karibu na mtaa wa Pipeline. Ayuma alikuja mwaka huo na watoto, wakabanana kwenye vyumba viwili ghorofa ya nne. Nilimtembelea mara moja shuleni kwake. Alikuwa na watoto themanini, wengine wamekaa madirishani. Niliwakuta wakichora mikono yao ya kushoto, kila mmoja ameiweka juu ya dawati mbele yake, na yeye akipita kati yao polepole, akiinama, akiwauliza majina yao.