Saksafoni ya Kuamia Ndege

Makarius wa Kibaoni aliondolewa kwenye bendi ya parokia kwa kosa moja tu: hakuweza kupiga wimbo mara mbili ukabaki wimbo uleule. Ubeti wa kwanza alikwenda vizuri na wenzake. Ubeti wa pili saksafoni imeshashika njia yake, na wanaoandamana nyuma ya msalaba hawajui waweke mguu upi. Mwalimu Alex, kiongozi wa bendi, alimvumilia mpaka Pasaka ya mwaka juzi, siku ambayo Baba Paroko mwenyewe aligeuka nyuma kutazama kuna nini. Baada ya misa Alex alimwambia kwa upole, na upole ndio uliouma, "Kaka, bendi ni kwenda pamoja. Wewe pumzika kwanza."

Akapumzika, lakini saksafoni haikupumzika. Ilikuwa yake, kaachiwa na mjomba aliyepiga dansi Tabora. Na kwa kuwa Makarius ni fundi redio, akaungaunga sanduku: maiki, vipande vya simu mbovu, betri ya sola, na spika ya tarumbeta kama zile za kutangazia mikutano. Ukipiga sauti kwenye maiki, sanduku linaimeza, halafu linairudisha baadaye kidogo, imevutwa au imekuwa nzito kama ya mtu aliyetoka usingizini. Makarius anaijibu, sanduku nalo linamjibu. Majirani wakasema heri yake, kapata mtu wa kubishana naye asiyechoka.

Mkewe, Natalia, hakucheka. Mwaka jana mpunga ulipoanza kuweka maziwa, Makarius ndiye aliyekuwa dunguni, juu ya kichanja cha shambani, akiamia ndege wasile. Akasema anakwenda nyumbani mara moja, kuna waya anaukaza. Unamjua fundi na mara moja yake. Aliporudi, kweleakwelea walishapita, na wale wakipita unabaki na majani ya kulishia ng'ombe. Mwaka mzima nyumba ile ilikula kwa kwenda kuomba kwa shemeji.

Basi msimu huu Natalia alimwambia, "Baba Jeniffer, ndege wakila tena, hilo bomba lako la kupuliza linauzwa. Sitagombana na wewe. Nitaliuza tu."

Natalia akisema jambo bila kupandisha sauti, limekwisha. Makarius aliogopa, na alijua mkewe ana haki.

Mpunga ukaweka maziwa, ndege wakaja. Mume na mke walipiga madebe, wakarusha mawe kwa kombeo, wakapiga kelele mpaka makoo yakakauka, na ndege wakazoea. Makarius akabeba sanduku lake mpaka dunguni, akafunga spika juu ya mti, akapuliza. Kundi zima likanyanyuka na kwenda zake. Natalia alisimama juu ya tuta, mikono kiunoni, akiwatazama wanavyokwenda.

Sasa hapo ndipo ufundi ukamponza. Kwa nini ajichoshe wakati ana mashine? Akaliacha sanduku lirudie kipande kilekile peke yake, akajilaza. Mchana Natalia akamwamsha, akamwonyesha kwa kidevu. Spika inalia kwa nguvu zake zote, na ndege wamejipanga juu ya spika hiyohiyo, wenzao wanakula chini yake. Jaruba la kona, kipande kizima cha mpunga, lilikuwa limebaki makapi.

"Wamezoea," Natalia alisema. "Hata mimi nimezoea."

Mazoea yana taabu. Makarius alipuliza kitu kingine, wakaruka. Akapuliza kile cha asubuhi, wakashuka wakala. Akaelewa kwamba ndege haogopi kelele, anaogopa asichokijua, na kwamba ili ndege asikijue, ni salama zaidi hata mpigaji awe hakijui. Mwalimu Alex angekuwepo angepiga ishara ya msalaba.

Kuanzia hapo alipiga tangu kunapambazuka mpaka ndege wanakwenda kulala. Midomo ilipasuka, akaipaka mawese. Lakini kazi kubwa haikuwa pumzi, ilikuwa kuishiwa cha kupiga. Vidole vinapenda njia za zamani kama mbuzi. Akikwama, anazungusha kitufe, sanduku linamrudishia sauti yake mwenyewe imepindapinda, naye anaifuata kuona inaelekea wapi. Mara nyingine lilitoka jambo likamshtua yeye kabla ya ndege. Na mara nyingine, akiwa peke yake kule juu, aliikumbuka bendi. Alitamani sana kutembea na watu.

Jioni moja ndege wameshaondoka, alipiga taratibu, hakuwa akimfukuza yeyote. Sanduku likairudisha sauti, akailazia nyingine juu yake. Chini, Natalia alikuwa akifunga nyasi.

Mpunga ulivunwa. Gunia la mwisho lilipoingia ndani, Makarius aliifuta saksafoni, akaitia kwenye mfuko wake, akaiweka mbele ya mkewe.

"Jaruba la kona lililiwa nikiwa nimelala," alisema. "Na wewe ulishasema."

Natalia alifungua mfuko, akaitoa, akamvika shingoni.

"Ile ya jioni ile, nilipokuwa nafunga nyasi. Irudie."

Makarius akaweka mdomo. Akaanzia hapa, haipo. Akaanzia pale, haipo. Akaligeukia sanduku, nalo lilishaifuta, maana kumbukumbu yake ni fupi. Tangu Pasaka ile hakuwa ameona aibu ya namna hiyo. Maisha yake yote watu walimtaka arudie ya wengine, leo kapatikana mtu wa kumwomba arudie ya kwake, na angetoa hata gunia zima aweze.

"Siwezi, Mama Jeniffer," alisema. "Imekwenda."

Natalia alivuta kigoda, akaketi karibu yake.

"Nilijua haitarudi," alisema. "Ndiyo maana siku ile niliacha nyasi nikasikiliza."