Jina la Huzuni la Binti wa Mwanamina

Wifi yangu Mwanamina alizika mabinti wawili kabla hawajaota meno. Zawadi, kisha Rukaya. Majina mazuri, na mimi ndiye niliyeyachagua. Mimba ya tatu ilipoingia, mwaka ule wanunuzi binafsi wa kamba walipoanza kufika Salale na masanduku yao ya barafu, aliniambia safari hii nifunge mdomo wangu.

Kwetu mwanamke anayefiwafiwa humpa mtoto jina baya, ili mauti yamdharau, yapite. Lakini akina Tabu na Shida wamejaa kila kitongoji, nao wanakufa kama wengine. Mwanamina alitaka jina ambalo mauti hayajawahi kulisikia.

Zahanati ilikuwa na muuguzi wa kujitolea kutoka Ayalandi, Nora, aliyejifunza Kiswahili kwa wavuvi, kwa hiyo alitukana bila kujua. Mwanamina alipojifungua binti, alimwomba majina ya bibi zao. Nora alifurahi kama aliyeposwa. Ifa, uzuri. Bridi, nguvu. Soraka, nuru. Dirdra, huzuni, hilo alilitaja harakaharaka.

"Hilohilo," Mwanamina akasema. "Liandike."

Nora alibisha. Kichanga kizuri vile kibebeshwe huzuni? Nikamweleza mila yetu, akaitikia, akaandika kadi. Sisi tukamlaza mtoto jalalani kidogo, tukamwokota kama takataka ya mtu, tukamwita Dirdra. Kila mwezi Nora alimpima, naye akimwita hivyohivyo. Mtoto akaota meno mawili. Mwanamina akaanza kuimba tena akitwanga.

Nora alirudi kwao mkataba wake ulipokwisha. Mwezi uliofuata homa ilimpanda mtoto, na mtumbwi wa kumpeleka hospitali ulikuwa haujatoka kwenye mikoko alipokata roho.

Baada ya matanga Mwanamina, asiyejua kusoma, alinipa ile kadi nimsomee jina. Iliandikwa Soraka, na pembeni, kwa mwandiko wa huruma: nuru. Ningeweza kudanganya. Nikasoma.

Hakulia. "Basi tulikuwa tunamficha mtu aliyekwisha kuandikwa," alisema.

Nilimlaani Nora, na wema wake, na ulimi wangu pia.

Alizaa tena, wa kike. Siku ya saba shekhe alisubiri jina mpaka chai ikapoa. Mwanamina alisema mtoto hana. Wote wakanigeukia mimi, bingwa wa majina, nami sikuwa na hata moja.