Nusu ya Mzinga

Kila nikinusa nta ikiyeyuka jikoni, magoti yangu huanza kuwasha kwa chumvi ya ziwa letu la Singida. Najiona tena utotoni: upepo wa mchana unasukuma mawimbi mafupi, nami nimepiga magoti ndani ya nusu ya mzinga wa nyuki wa babu, gogo lililochongwa na kupasuliwa kwa urefu, tundu lake la nyuki nimeliziba kwa nta.

"Msichana hakalii mzinga," kaka yangu alisema. "Nyuki watahama."

Yeye alipanda ubao wa mlango. Ulikuwa bapa, na kila wimbi lilipomfikia, ncha yake ilizama, naye akazama nao. Gogo langu lilipinda juu kwa mbele. Nilikaa nyuma kidogo, nikapiga maji kwa mikono miwili kabla wimbi halijafika, mpaka nikahisi likiniinua. Hapo nikainama mbele, likanibeba hadi kwenye matope.

Babu alikuwa amesimama pale na fimbo.

"Shikamoo babu," nilisema, nikiwa bado nimepiga magoti mzingani.

"Marahaba. Toka kwenye mzinga wangu."

Nilikuwa nimeshamwamkia kwa magoti, inavyompasa msichana. Nikaugeuza mzinga kuelekea ziwani, nikayafuata mawimbi.