Betri Zinapoiva

Nasema wazi: betri za kiberenge cha gatini Bukoba nilizilipua mimi. Wanaosema ilikuwa radi ni waongo, na wanaosema ulikuwa uchawi ni waongo zaidi.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Kiberenge kile kilivuta mabehewa ya kahawa kwenye reli fupi, kutoka ghalani hadi gatini. Nje kilitumia injini. Kikiingia ghalani injini inazimwa, kinatembea kwa betri, kwa sababu kahawa hushika harufu upesi, na kahawa inayonuka mafuta nani ataitaka? Jioni kilisimama bandani, injini ikinguruma na kuzijaza betri. Mchungaji wa betri nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimetoka kwa mume, Muleba. Sikufukuzwa, niliondoka kwa miguu yangu mwenyewe, maana nilichoka kupigwa. Baba aliapa kwamba siku nitakayokosa kazi mjini atakuja Bilele, kwa shangazi nilikokaa, anichukue anirudishe kulekule. Kwa hiyo mtu akiniambia kile kilikuwa kibarua tu, hatuelewani.

Fundi mkuu, Mzungu mwenye haraka zake, alinitoa kwenye kuchambua kahawa baada ya wanaume wawili kusinzia kazini. Alinionyesha kuongeza maji ya mvua, na kuzima injini betri zote zikichemka. Basi, hakusema zaidi. Mimi nikacheka moyoni. Kitu kinachochemka bila moto nilikijua tangu utoto, kwani baba yangu alitengeneza rubisi, pombe ya ndizi. Kukanda ndizi ilikuwa kazi ya wanaume. Yangu ilikuwa kukata majani ya mgomba ya kufunikia mtumbwi wa kuchachushia pombe, kisha nafukuzwa. Lakini nilikuwa nasikia. Rubisi changa hunong'ona, inayoiva hutokota, na ikianza kutokota hufunikwa barabara isipoteze nguvu.

Basi nami nikazifunika. Majani ya mgomba matabaka matatu, na magunia mabichi juu yake. Nilijiona mjanja kweli! Nani aliniambia kwamba ile hewa inayotoka kwenye betri inalipuka? Fundi alikuja, akagusa waya, cheche moja tu, puu! Vifuniko viliruka hadi darini. Tindikali ilitoboa shati lake na kuniunguza mkono. Kovu ninalo mpaka leo.

"Mjinga wewe!" alifoka. "Meli ikishapakiwa, nenda kwenu."

"Mjinga ni nani, Bwana? Asiyeambiwa au asiyeambia?"

Shangazi aliposikia nimejibu hivyo alijishika kichwa. Habari zilifika Muleba kabla kidonda hakijakauka, na siku ya kupakia meli nilimkuta baba langoni, kanzu ya safari mwilini, fimbo mkononi. Nilipiga magoti nikamwamkia. Aliitikia kwa shingo upande.

"Funga mzigo," akasema.

"Tata, meli bado haijaondoka. Mpaka iondoke, hapa ni kazini kwangu."

Akanifuata hadi bandani, amekasirika. Betri zilikuwa zimewekwa viraka, injini inazijaza. Niliinama nikasikiliza.

"Bwana, mbili za nyuma bado."

Fundi hata hakugeuka. Alikiingiza kiberenge ghalani, akazima injini, akafunga behewa moja la kahawa nyuma yake. Kilitambaa hatua chache, kikafa. Gatini meli ikapiga honi. Fundi akashika mpini wa kuwashia injini, na karani wa ghala akapiga ukelele: "Si humu, Bwana! Kahawa yote itanuka!"

Wakanitazama wote. Nikakunja mikono, na kidonda changu kiko juu wakione.

"Behewa hili moja lisukumeni," nikasema. "Na yale kumi yaliyobaki, mtayasukuma yote kabla meli haijaondoka? Betri nitazijaza mimi. Ila kwanza niambiwe kama nabaki."

"Utabaki," fundi akasema chini chini.

"Sijasikia, Bwana. Na baba yangu yuko pale, naye hajasikia."

"Utabaki!"

Wakakisukuma kiberenge hadi nje, nikawasha injini, vifuniko nikaviacha wazi. Baba alisogea, akaweka fimbo chini. Sikumwita. Aliinama karibu nami, akatega sikio kwenye betri moja baada ya nyingine, kama alivyozoea kwenye mtumbwi wake.

"Hii imeiva," akasema. "Hii imeiva. Hii bado." "Nani alikufundisha?"

"Wewe, Tata. Mtumbwini ulinifukuza, lakini masikio hukuniziba."

Alibaki ameinama mpaka ile ya mwisho ilipotokota, ndipo akaniashiria nizime injini. Kisha akaokota fimbo yake, akarudi Muleba peke yake.