Fundi wa tovuti na karatasi isiyo na jina

Jamani, hebu niambieni kama nyie mngempa kazi huyu.

Nafungua biashara ya vifaranga hapa Chanika, nataka wateja waagize mtandaoni. Juzi fundi, Braza Hamisi, kanichagulia fremuweki, yaani mfumo wa kujengea tovuti. Kaniprintia na sababu, ukurasa mzima.

Mie nikashuku hiyo karatasi kaichota mahali bila hata kuisoma.

Na mafundi mnawajua, hakunaga anayesifia kazi ya mwenzake.

Leo nikamrudishia karatasi ileile, nimekata jina lake pale chini. Nikamwambia kuna fundi wa Kimara kanishauri hivi.

Kasoma, kaguna, katikisa kichwa.

"Sista, umepigwa. Huyu hajui kitu."

Nikamtolea kipande chenye jina lake.

Kakiangalia, kaivuta tena karatasi.

"Ila ukiisoma vizuri, ina pointi."